Kioo cha Buluu

Charo Kaviha alipigwa Chaani mchana kweupe, na waliompiga hawakuwa na shaka hata chembe. Wengine waliacha kazi zao wakaja kusaidia. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga viazi alizima jiko kwanza, akafunika karai lake, ndipo akaokota jiwe.

Charo alikuwa fundi wa redio na vinanda kule Bombolulu. Kibanda chake cha mabati kilibanwa kati ya kinyozi na duka la chakula cha kuku, na upande wa pili wa njia mkewe, Vivian, alikuwa na saluni ya kusuka nywele. Makanisa yalimletea spika zilizoungua, wapiga muziki wa harusi wakamletea vinanda vilivyoingia maji. Lakini kinanda alicholetewa na Mzee Aidarus hakuwa amewahi kukishika. Kilikuwa kinanda cha umeme cha miaka ya themanini, kizito kama mlango, cha zile enzi ambazo mpigaji alijitungia sauti zake mwenyewe, moja moja, akazipa majina na kuzihifadhi humo humo ndani. Mzee Aidarus alikuwa amekipiga kwenye harusi za taarabu kuanzia Likoni mpaka Malindi. Sasa kioo chake, kile kidirisha cha kijani kinachoonyesha majina ya sauti, kilikuwa kimepasuka. Kwenye harusi moja huko Bofu, mashemeji wawili walipigana, chupa ya soda ikaruka, ikatua pale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wajua kazi hii?"

"Vioo nabadilisha. Ila hiki sijapata kukifungua."

"Basi nitakaa nikutazame," alisema Mzee Aidarus, na wallahi akakaa asubuhi nzima, kofia gotini, akila mahamri aliyoletewa na Vivian na kuangalia kila skrubu inavyotoka. Mwanawe Bassam, aliyekuwa amembebea kinanda, alichoka akaenda zake kunywa kahawa. Mzee alizungumza kidogo tu. Alimwonyesha Charo ufunguo mmoja mweusi kati ya zile funguo za kupigia, uliokuwa mweusi zaidi ya wenzake. Ule wa kiwandani ulivunjika zamani, akachonga mwingine mwenyewe kwa kipande cha mpingo. Charo aliugusa. Ulikuwa baridi, na ukingo wake una kigongo kidogo ambacho macho hayakioni.

Kazi yenyewe ilikuwa ya roho ngumu. Kioo kilishikizwa kwenye ubao wa nyaya kwa safu ya vitundu vilivyojazwa lehemu, na kila kimoja ilibidi kiyeyushwe, kinyonywe, kisafishwe, bila kuunguza vijia vya shaba ambavyo kwa uzee vilikuwa vinabanduka kama ngozi ya kitunguu. Kijia kimoja kilibanduka kweli. Charo alikiunganisha kwa uzi wa waya mwembamba kama unywele, amebana pumzi. Kisha akakata ile sehemu iliyokuwa ikiwasha taa ya kioo cha zamani, iliyolia kama mbu tangu kinanda kikiwa kipya, kwa kuwa kioo kipya kilikuja na taa yake isiyohitaji kelele hizo.

Vioo vya kijani vya kipimo kile havikupatikana. Palikuwa na vya manjano na vya buluu. Charo alichagua buluu, maandishi meupe juu yake, kwa sababu aliona jinsi mzee alivyokuwa akikunja macho. Hakumpigia simu kumwambia. Alitaka ajionee.

Kilipowaka alimwita Vivian, naye akaja na kitana mkononi, akainama.

"Kinang'ara! Kama bahari ya kwenye kalenda."

"Bado sijamaliza."

Akakisafisha mwili mzima. Moshi wa sigara wa harusi za miaka yote ulikuwa umekigandia, ukakifanya cha manjano. Aliusugua kwa kitambaa na spiriti mpaka rangi yake ya kijivu ikarudi. Zile skrubu zilizoshika kutu akazitupa, akaweka mpya.

"Mwenyewe hatakijua hiki," Vivian alicheka.

Siku ya kukipeleka, Mzee Aidarus alimwambia kwenye simu aje baada ya sala ya alasiri. Lakini wingu lilikuwa limejikusanya upande wa Kongowea, na Charo hakutaka kinanda kinyeshewe. Akakifunga kwa leso mbili za Vivian, akakipakia kwenye tuktuk, wakavuka daraja la Nyali, wakapita Makupa, wakafika Changamwe mapema kuliko walivyoagana. Chaani, njia ilikuwa imechimbwa mtaro wa mabomba, tuktuk ikashindwa kuingia. Charo akashuka, akakitia kinanda begani, akaenda kwa miguu. Nyumba hakuijua. Akapiga simu, simu imezimwa. Mzee alikuwa msikitini.

Basi akawa anatembea polepole na mzigo wake, anachungulia milango, anarudi nyuma, anasimama. Mtu aliyemtazama kutoka mbali angesema anatafuta pa kujificha.

Aliyekuwa akimtazama ni Kombe. Kombe alichomea mageti na madirisha kando ya njia ile, na Jumapili aliimba kwenye kwaya. Siku chache nyuma kanisa lao lilivunjwa mlango, kinanda kikaibwa. Kombe ndiye aliyekuwa amechomea mlango huo. Tangu hapo watu walikuwa wakimtania kuhusu kazi yake, naye hakuona cha kucheka.

"Habari ya mchana, ndugu. Umebeba nini?"

"Kinanda. Namtafuta Mzee Aidarus."

"Kinanda." Kombe aliweka chini miwani yake ya kuchomelea. "Kishushe tukione."

"Ni cha mtu, ndugu yangu. Nakirudisha."

"Nimekwambia kishushe."

Walikuwa wameshakuwa watano, kisha kumi. Leso zilivutwa. Kinanda kikatoka kikimeta, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kombe alikigeuza, akaona skrubu mpya. Akapitisha kidole kwenye kioo.

"Hiki kioo ni cha juzi. Oneni! Kimebadilishwa."

"Nimekibadilisha mimi. Mimi ni fundi."

"Amekubali! Anasema amekibadilisha! Wezi ndiyo kazi yao, wanabadilisha sura ya kitu ili mwenyewe asikijue."

Kofi la kwanza lilitoka nyuma, likampata sikioni. Charo aligeuka kumtafuta aliyempiga, na kule kugeuka kukaonekana kama kutaka kukimbia. Ngumi ikamwingia mdomoni. Akaanguka kwa goti, akasimama, akaanguka tena. Kinanda kilitupwa kando kwenye udongo wa mtaro. Kuna mtu alimvua viatu, na miguu mitupu ndiyo iliyomtisha kuliko damu, maana alijua kwamba wezi huvuliwa viatu kabla ya kuchomwa moto.

"Mwulizeni Mzee Aidarus!" alipiga kelele. "Jamani, mwulizeni mwenyewe!"

Na hapo watu walitulia kidogo, kwa kuwa walikuwa watu wa haki, ndivyo walivyojiona. Sala ilikuwa imekwisha. Mzee Aidarus alikuwa anakuja, kanzu imekunjwa isishike tope. Kombe alimwendea kwa adabu, akamwamkia, akamshika mkono kumvusha mtaro.

"Mzee wetu, tunakusumbua kidogo. Kuna kijana hapa amekamatwa na kinanda. Anadai ni chako. Hebu kiangalie."

Mzee Aidarus alikiangalia. Kilikuwa kimelala kiubavu, kijivu, safi palipokosa tope, na kioo cheusi kilichozimika chenye fremu asiyoijua.

Charo alikuwa chini, hatua chache kutoka pale, jicho moja limeanza kufumba. Kupitia miguu ya watu aliiona ile kanzu. "Mzee," alisema, lakini meno yalikuwa na damu na sauti haikufika.

"Changu ni cha manjano," alisema Mzee Aidarus. "Na kioo chake kijani. Hiki si changu."

Alisema hivyo tu, kwa upole, kama mtu anayejibu swali la bei. Kisha watu wakamfunika Charo.

Hakuhesabu. Alikumbuka jiwe la kwanza kwa sababu lilivunja kitu mdomoni, na chuma cha kwanza kwa sababu kilitoa mlio kabla ya maumivu kuja. Alijikunja, akakinga kichwa kwa mikono, na walipoona anakinga kichwa wakaipiga mikono. Kidole kilivunjika, kisha cha pili. Mtu alikuwa akiitisha petroli. Mwingine alijibu kwamba imeagizwa, inakuja, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ya mtu aliyeagiza maziwa dukani.

Mzee Aidarus alikuwa ameanza kuondoka. Alisema baadaye kwamba hakupenda kelele. Lakini mpiga kinanda hawezi kuacha kinanda kwenye tope, hata kama si chake, na alipoinama kukisimamisha vidole vyake vilipita juu ya funguo, vikakuta kigongo. Alirudisha mkono. Akaugusa tena ule ufunguo wa mpingo.

"Ni changu!" alipaza sauti. "Nyie! Ni changu! Mwacheni!"

Hakuna aliyesikia. Akaingia. Alikuwa na miaka sabini na ushee na alipasua kundi lile kwa viwiko, kofia ikamdondoka, akajitupa juu ya Charo kwa uzito wake wote. Kombe alikuwa ameshainua nondo. Ilikuwa imeshaanza kushuka, na hata kama alitaka kuizuia, haikuzuilika. Ilitua kwenye mkono wa kulia wa mzee, kati ya kiwiko na kiganja, na mkono ukakunjika mahali ambapo mkono haukunjiki.

Mzee alilia kama mtoto. Sauti ile ndiyo iliyowatawanya. Aliyekuwa ameleta petroli aliiweka chini taratibu, akaenda zake.

*

Charo alilala hospitali wiki kadhaa. Walimfunga taya kwa waya, wakamfunga mbavu, wakamnyoosha vidole vya mkono wa kushoto ambavyo havikunyooka sawasawa. Sikio la kushoto halikurudi. Vivian alifunga saluni, akawa anakaa upande wa kulia wa kitanda ili asikike. Kombe alikamatwa, akalala ndani siku mbili tatu, akaachiliwa: watu wote waliokuwepo hawakuwa wameona kitu. Mzee Aidarus aliandikisha maelezo yake polisi, akamtaja Kombe kwa jina, na kuanzia siku hiyo majirani wakaacha kumwamkia. Lakini kwenye maelezo hayo hayo ilikuwemo sentensi yake mwenyewe, na afisa aliyeyaandika alimsomea mara mbili: *Niliulizwa kama ni changu, nikasema si changu.*

Bassam alikuja Bombolulu na salamu. Baba anataka kumwona. Charo alitikisa kichwa. Alikuja tena, safari hii na chakula kutoka nyumbani. Vivian alipokea sufuria, akaiosha, akairudisha na shukrani, lakini Charo hakutoka ndani.

Kilichomsumbua si Kombe peke yake. Usingizini alimwona Kombe, ndiyo, na nondo, na yule mama wa viazi. Akiwa macho alichosikia, kwa sikio lile lile lililokufa, ni ile sauti ya upole. Hiki si changu.

Siku moja akavaa shati, akachukua mkoba wa vifaa. Vivian alimwona akitia nyundo.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mzee. Kazi yake sijaikabidhi."

"Na nyundo ni ya nini, kwa kazi ya kioo?"

Charo alifunga mkoba. Vivian alisimama mlangoni, akafikiri kumzuia, kisha akasogea. Alikuwa amechoka naye, na amechoka kwa ajili yake.

Mzee Aidarus alimpokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umekonda, una kovu refu, na vidole vyake vilikaa nusu vimekunjwa, havifungi wala havifunguki. Kinanda kilikuwa mezani, kona moja imebonyea. Hakuna aliyekiwasha tangu siku ile.

Charo alikiwasha. Kioo kikaja, buluu, maandishi meupe, lakini yamefifia. Bila kufikiri alitoa bisibisi ndogo, akaipitisha kwenye kitundu cha nyuma, akazungusha kidogo mpaka herufi zikakolea. Hapo akakumbuka alichokuja kufanya, akakasirika zaidi.

"Ulikaa na mimi asubuhi nzima," alisema. Taya lilimfanya aseme polepole. "Ulinionyesha ufunguo wa mpingo. Ukala mahamri ya mke wangu."

"Ni kweli."

"Nilikuwa chini pale. Nilikuita. Ulinitazamaje ukasema vile?"

Mzee Aidarus aliuweka mkono wake mbovu juu ya meza. Kisha akasema, "Sikukutazama, mwanangu. Waliniambia nitazame kinanda, nikatazama kinanda. Ningeinua macho ningekuona. Sikuinua. Ni lile tu. Nimetafuta jawabu jingine la kukupa, sina."

Charo alitoa nyundo. Mzee aliiona, hakusogea.

"Kama wataka kukivunja, kivunje. Mimi sitakipiga tena, waona mkono wangu."

Nyundo ilikuwa juu. Charo aliangalia kile kioo na akayaona yote yaliyokuwa chini yake, kila kitundu alichokisafisha, ule waya wa unywele. Alijua pigo moja lingetosha. Alijua pia kwamba likishatua hatakuwa amempiga mtu yeyote. Akashusha mkono, akageuka, akatoka nje na nyundo yake, na mzee akamfuata na ndara miguuni, akimwita.

Kombe alikuwa kwenye kazi yake, cheche zinaruka. Alipomwona alizima mashine, akasimama, akaangalia nyundo.

"Mimi sina ugomvi nawe," alisema Kombe. "Yalishapita."

"Yalipita wapi?"

"Nilikupiga, sikatai. Lakini nilimwuliza mwenyewe. Uliniambia nimwulize, nikamwuliza mbele ya watu. Alisema si chake. Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Akamtazama Mzee Aidarus aliyekuwa anahema nyuma. "Mwambie, mzee. Kosa lilikuwa la nani?"

Lilikuwa swali la kweli, na Charo hakutaka kusikia jibu lake. Alitupa nyundo mtaroni kwa sababu alijua akibaki nayo ataua. Kisha akamrukia. Ngumi ya kwanza ilimpata Kombe puani, ya pili mdomoni, na Charo alisikia meno yakikatika chini ya vifundo vyake. Kombe alikuwa na nguvu kuliko yeye. Alimkamata kiunoni, wakaangukia geti lililokuwa halijakauka rangi, wakagaragara, Kombe akamponda mbavu zile zile zilizokuwa zimeunga juzi, na maumivu yakampa Charo wazimu mpya. Alimng'ata bega. Akampanda juu, akampiga kwa mkono mzima na kwa mkono mbovu, mpaka Kombe akaacha kupigana, akajikunja, akakinga kichwa kwa mikono.

Charo aliijua kinga ile. Aliinuka, akasimama juu ya mgongo ule uliojikunja, akaona vidole vilivyosukana juu ya kisogo. Akampiga teke moja la mwisho hata hivyo, mbavuni, kwa nguvu. Ndipo akarudi nyuma, akatapika.

Watu walikuwa wameshajaa. Wengine wameshika mawe, lakini hawakujua wamtupie nani.

"Huyu ni Charo," Mzee Aidarus aliwaambia, amesimama katikati, mkono wake mbovu umening'inia. "Ni fundi wangu. Kinanda ni changu, kilikuwa changu siku ile, na mimi ndiye niliyekikana. Atakayetupa jiwe, anitupie mimi."

Jiwe moja lilidondoka chini, kisha jingine. Yule mama wa viazi alileta maji ya kikombe, akamnyanyua Kombe kichwa, akamwosha mdomo. Hakumtazama Charo.

Bassam alimrudisha Bombolulu kwa gari. Kombe hakwenda polisi. Alijua angeulizwa mambo mengi. Mzee Aidarus alihama Chaani kabla ya mwaka kuisha, akaenda kukaa kwa binti yake Likoni, na kinanda akakiacha kwa Bassam, ambaye hajui kupiga.

Vivian alikuwa anamsuka mteja Charo alipoingia. Alimwomba mteja radhi, akamkalisha mumewe kwenye kiti cha kuoshea nywele, akamshika ule mkono uliovimba, akaufungulia maji.

"Umempiga?" aliuliza, upande wa sikio zima.

"Nimempiga."

"Nani? Mzee?"

"Kombe."

Maji yalikuwa yakishuka mekundu, kisha ya waridi.

"Sasa umepoa?"

Charo alifikiri. Alitaka kumwambia ukweli, kwa sababu hakuna mwingine aliyemwuliza.

"Bado," alisema.

Vivian alizima bomba, akachukua taulo, akaanza kumfuta kidole kimoja kimoja.